Meno ya Wageni

Nilipokuwa mtoto nilijua Baba ameamka kwa kusikia gome. Alikuwa akiketi kwenye kigoda nje ya jiko letu, na kabla chai haijachemka alikuwa amekwisha kushika kijiti cha miraa kwa meno ya mbele na kukivuta. Gome lilitoka kwa sauti ndogo, kama karatasi inayochanwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Halafu kimya, akitafuna. Halafu tena. Mimi nilikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta wa mbao, nimejifunika blanketi hadi puani, na sauti ile ilinieleza kwamba siku imefika salama na mwenyewe yuko mlangoni.

Kwetu ni kwenye milima ya Nyambene, na miti yetu ni mizee. Ile tunayoiita mbaine ilipandwa na watu ambao hata Baba hakuwakuta. Mchumaji huipanda bila viatu, akitafuta machipukizi mekundu yaliyo juu kabisa, na Baba hakupenda kumwachia kazi hiyo kijana yeyote. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, nikisoma biolojia na kubishana na wahadhiri, tawi moja lilipomsaliti baada ya mvua. Hakuvunjika mguu wala mkono. Njiani kuelekea chini mdomo wake ulikutana na tawi jingine, na meno manne ya juu, yale ya mbele kabisa, yakabaki mtini, kama alivyopenda kusema. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Hakumwona akiwa hivyo, na nadhani hilo ndilo jambo pekee katika ajali ile ambalo Baba alilishukuru.

Nilidhani hasara ilikuwa ya sura. Nilichelewa kuelewa. Mtu asiye na meno ya mbele anaweza kula ugali, viazi na ndizi, anaweza kusali, anaweza hata kugombana na jirani kuhusu mpaka. Hawezi kuchuna miraa. Gome la kijiti kile halitoki kwa magego, na kisu hulikata badala ya kulichuna. Wazee wa rika la Baba walikuwa na mahali pao pa kuketi karibu na duka la pembejeo, kila mmoja na kifurushi chake, na mazungumzo yao yote yalipimwa kwa vijiti. Baba alirudi huko na meno ya kuvaa, yale yenye ufizi wa plastiki. Siku ya kwanza yalicheza. Siku ya pili aliuma kijiti, akavuta, na meno yakatoka yote manne yakiwa yameshikilia gome.

Wenzake walicheka hadi mmoja akapaliwa. Kisha mmoja akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Mzee, ni wewe unachuna miraa ama miraa inakuchuna?"

Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na aliisimulia vizuri, akiiga sauti ya kila mmoja. Lakini hakurudi pale dukani. Meno yale aliyatia kwenye glasi juu ya kabati, karibu na vikombe vya wageni vya Mama, na asubuhi zake zikawa kimya. Nilipokuja nyumbani nililala macho wazi alfajiri nikingoja sauti ambayo nilijua haitakuja. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kukosa sauti ya gome.

Nilipopata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo huko Embu, nilianza kumletea muguka. Kwa wasioujua, muguka ni ndugu mdogo wa miraa, hukua huko chini kwenye joto la Mbeere, nao huliwa majani. Hauchunwi, unatia majani shavuni basi. Kwa watu wa kwetu, mwanamume wa Nyambene kula muguka ni sawa na mfugaji wa ng'ombe kununua maziwa ya pakiti. Kwa hiyo nilileta chini ya vitabu, naye alikula nyuma ya nyumba, uso ukielekea migomba.

"Hii inatoka wapi?" aliniuliza siku moja.

"Embu."

"Embu ni kubwa, Mama." Baba huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akitaka kunibana huitamka taratibu.

Nikaanza kupanga vitabu vyangu. Muguka ule ulitoka nyuma ya zizi la mbuzi la mama wa mtu fulani.

Mtu huyo alikuwa daktari wa mifugo. Tulijuana kwa sababu alikuja chuoni kufundisha somo moja kuhusu minyoo ya mbuzi, nami nikamkatiza nikamwuliza ana ushahidi gani. Alikuwa nao. Alinionyesha, kisha akaniuliza kama huwa ninauliza hivyo na mezani. Mimi nimekuwa nikiuliza tangu utotoni: kwa nini msichana asipande mti wa miraa, kwa nini mchungaji anasali macho yamefungwa ilhali anatuambia tukeshe, nani alisema. Wengi walinichoka. Yeye aliyahesabu maswali yangu kuwa mazungumzo. Jumamosi tulikuwa tukiteremka hadi kwao, mahali ambapo ardhi ni nyekundu na miti ina miiba, na mama yake alinipa pojo na akanifungia muguka kwenye gazeti bila kuuliza ni wa nani.

Alipotaka kuleta watu wake nyumbani, nilimwambia Baba jioni, tukiwa tunamenya ndizi.

"Watu wa wapi?"

"Wa Mbeere."

"Wale wa muguka."

"Wale wa muguka."

Alicheka, na mkono ukapanda haraka kufunika mdomo. Halafu akaacha kucheka, akatazama kisu chake. "Nitaipokea na nini?" akasema.

Alikuwa anazungumzia ncoolo. Kwetu mtu akija kuuliza kuhusu binti, haanzi na maneno. Anakuja na ncoolo: kifurushi cha miraa bora kabisa, iliyopangwa, ikafungwa kwa jani la mgomba na kukazwa kwa kamba yake. Baba wa msichana akiikataa, wageni hunywa chai na kurudi walikotoka. Akiikubali, huifungua mbele yao, huchagua kijiti, hukichuna na kutafuna, na watu wote chumbani husikia. Hapo ndipo mlango umefunguliwa. Mahari, mbuzi, asali na maneno marefu ya wazee huja baadaye.

Nilileta hoja zangu zote. Nilimwambia anaweza kuipokea kwa mikono, akaitafuna vivyo hivyo kwa magego. Nilimwambia ndugu yake anaweza kuchuna kwa niaba yake. Nilimwambia, na hili niliamini kweli, kwamba mimi si shamba la kuulizwa mwenyewe yuko wapi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu hajawahi kunikatiza.

"Mtu amekuja kuuliza binti yangu," akasema, "nimjibu kwa mdomo wa ndugu yangu?"

Shangazi yangu, dada yake Baba aliyeolewa Kanyakine, alikuja siku iliyofuata kwa ajili ya jambo hilo tu. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa Mama katika mambo kama hayo, naye huwa hakai chini hadi amemaliza kusema. Alisema watu wa Mbeere hawajui hata ncoolo ni nini, watatuletea muguka kwenye gunia la mbolea. Alisema hata hivyo kijana ana kazi. Kisha akamtazama kaka yake mdomoni, akauliza kama huko mjini hakuna siku hizi daktari wa kutia meno yasiyotoka. Yeye amesikia kwamba yapo.

Kwa hiyo liliamuliwa jambo ambalo sidhani lingeamuliwa mahali pengine popote duniani. Wageni waliambiwa wangoje hadi mzee apate meno.

Nilimwuliza mwenzangu kama ameudhika. Alisema hapana, kwao wazee wangengoja mbuzi azae, hivyo kungoja meno ni haki. Tulicheka sana. Tulikuwa na wakati mwingi, au tulidhani.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo mwenye chumba ghorofani pale Makutano, juu ya duka la mabati, na kila alipoanza kusema jambo la maana lori lilipiga honi chini. Alituonyesha skrubu ndogo ya titani iliyolala kwenye kiganja chake. Ingeingizwa ndani ya taya, mahali mzizi wa jino ulipokuwa. Mbili zingetosha kubeba meno manne. Ila meno yenyewe hayangefungwa siku hiyo. Mfupa ungeachwa kwanza, kwa miezi, hadi uishike skrubu.

"Yaani unanipandikiza kama avokado," Baba akasema.

"Kama avokado, mzee."

"Na shina likikataa?"

Alimwambia ukweli, kwamba mara chache shina hukataa, na kwamba lake lingekataa upesi zaidi iwapo angetafuna miraa kabla halijapona. Wala muguka. Baba alinitazama kwa pembe ya jicho. Daktari akaongeza kwamba hata meno yakishafungwa, asije akafungulia chupa za soda.

Mimi nilikuwa na maswali yangu. Mfupa unajuaje kwamba kitu hiki ni cha kushikwa? Je, unakikubali, au umedanganyika tu? Nilikuwa nimesoma usiku uliotangulia, nikasoma pia wanaopinga. Daktari alinijibu kwa subira kwamba mfupa haukubali wala haukatai. Chuma hiki haukitambui kuwa adui, basi unaendelea kukua kama ulivyokuwa ukikua, na unakizunguka. Muhimu ni kutokitikisa wakati huo. Nikauliza kama kuna anayejua kwa nini titani na si chuma kingine. Baba akanigusa goti. "Mama," akasema, "mwache anipandikize kwanza, utamalizia kumwuliza nikiwa nimelala."

Hakulala, alitiwa ganzi tu, akasikia kila kitu. Alitoka akiwa amevimba mdomo wa juu kama mtu aliyeumwa na nyuki, na tulipopita Gakoromone kununua ndizi na parachichi za kuiva, muuzaji alimwuliza ni nani amempiga. Alimwonyesha mimi.

Alifuata maagizo yote. Jambo hilo lilinishangaza kuliko skrubu. Mtu aliyekuwa ametafuna tangu kabla sijazaliwa aliacha kabisa, akakasirika wiki kadhaa bila kumkasirikia mtu, akatembea huku na huku chini ya mibaine yake akigusa mashina. Alikunywa uji uliochachuka na kula ndizi zilizopondwa. Alisali kuhusu mfupa wake, kwa sauti, mbele ya chakula. Nilimwuliza kama anadhani Mungu anashughulika na titani. Akajibu kwamba yeye hajui Mungu anashughulika na nini, ila anayeshughulika na majani ya miraa hawezi kushindwa na skrubu.

Nami huko Embu nilikuwa na kungoja kwangu. Siku moja nilimkuta mwenzangu barazani kwake na majani ya mgomba aliyonunua sokoni, maana kwao migomba haioti. Alikuwa anajifunza kufunga ncoolo. Hakuwa na miraa, kwa hiyo alitumia vijiti vya muguka, akavipanga urefu sawa, akakunja jani. Lilipasuka. Akachukua jingine.

"Linapashwa moto kidogo kwanza," nikamwambia. "Ndipo linalainika."

"Umejuaje, na wewe huamini mambo haya?"

"Nimeona. Kuona si kuamini."

Alilipasha juu ya jiko la gesi, na harufu ya jani la mgomba lililoguswa na moto ikajaa chumbani, harufu ya nyumbani kwetu mchana wa kuvuna. Alilifunga vizuri mara hiyo. Akaliweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, kama alivyodhani inafanywa, akaniuliza kama limekubaliwa. Nikasema mimi siye wa kuulizwa, aulizwe mwenye meno. Huo ndio wakati ninaourudia. Nimejaribu kujiuliza kama ulikuwa hivyo kweli au nimeung'arisha kwa kuushika mno.

Baba yake akafariki katika miezi hiyo. Ilikuwa ghafla, na mwenzangu ndiye aliyekuwa mwana wa kwanza. Hapakuwa tena na mtu wa kuongoza wageni hadi matanga yaishe na mambo ya ardhi yatulie, na hayakutulia upesi. Kisha akahamishwa kaskazini, ng'ambo ya Isiolo, kutibu ngamia. Mwanzoni alinipigia kila alipopata mlima wenye mtandao. Aliniambia habari za ngamia, nami nikamwuliza ushahidi. Baadaye alinipigia akiwa amechoka. Baadaye mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Hatukugombana, na mara nyingi nimetamani tungegombana, kwa maana ugomvi una mahali pa kurudi kuomba radhi. Simu ya mwisho ilikuwa fupi, upepo ukivuma upande wake.

"Nadhani tumengoja mpaka tukazoea," alisema.

Sikuwa na swali.

Wiki chache baada ya hapo daktari wa meno alituita Makutano, akagonga zile skrubu kwa kijichuma, akasikiliza, akasema mfupa umeshika. Meno yalifungwa siku tuliyorudi. Yalikuwa na rangi ya meno ya mtu aliyeishi, si meupe ya tangazo. Daktari alikuwa ameyalinganisha na jirani zao. Baba alipewa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akiinua mdomo, akiuteremsha.

"Huyu namjua," akasema.

Nilifurahi hadi nikalazimika kwenda dirishani. Chini watu walikuwa wakipakia mabati kwenye pikapu. Nilikuwa sijamwambia Baba chochote kuhusu simu ile.

Nyumbani nilianza kuona jambo. Baba alitabasamu kwa kila mtu. Alienda hadi dukani kwa wazee akatabasamu, akakaa, akarudi. Lakini mezani alikula kama zamani. Alipukuchua mahindi ya kuchoma kwa kidole gumba, akayatupia nyuma kwenye magego. Chapati aliikata vipande vidogo. Nyama aliichana kwa mikono. Asubuhi nililala nikisikiliza, na hapakuwa na gome.

Tuliporudi kukaguliwa, daktari aliyatazama na taa yake, kisha akaniuliza kando kama mzee anakula vizuri, kwa kuwa meno yake ni kama yametoka kwenye pakiti leo.

Nilimwuliza njiani. "Baba, mbona huyatumii?"

"Nayatumia. Hukuona nikimcheka yule kondakta?"

"Huumi kitu."

Aliyagusa kwa ncha ya ulimi. "Haya ni ya wageni," akasema.

Nilijua anachosema kabla hajamaliza. Hakuna mtu aliyelelewa kwetu asiyejua. Kila nyumba ina kabati la kioo, na ndani yake vikombe vyenye maua ambavyo havinywewi na wenyeji. Vinaoshwa Krismasi na kurudishwa. Baba alikuwa ameyaweka meno yake humo. Alitaka kijiti cha kwanza kitakachopita kati yake kiwe kile kitakachotoka kwenye ncoolo yangu, na kabla ya hapo hayangeguswa na kitu chochote, hata punje ya mahindi.

Hasira ilinipanda, na haikuwa ya kumstahili yeye. Nilimwambia kwamba Mama naye alitunza vikombe, na alikufa akinywea kikombe cha bati.  Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye mibaine yake.

Nilimfuata jioni, kabla jua halijazama nyuma ya kilima. Alikuwa akikata matawi makavu. Nilimwambia hakuna wageni. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio mbaya, nikianza na ngamia. Panga lilikuwa limetulia mkononi mwake.

"Ndiye yuleyule? Wa mama mwenye muguka?"

"Ulijua?"

"Muguka wa sokoni huwa na vumbi. Ule ulikuwa umechumwa na mtu anayechumia wake." Aliukwangua udongo kwenye panga kwa kidole. "Nilimpenda kabla sijamwona. Mama aliyefunga majani vile hawezi kulea mtoto mbaya."

"Si mbaya."

"Sijasema ni mbaya."

"Tulimngojesha sana," nikasema.

Alifikiri. Nilitaka aseme hapana, au aseme ndiyo, lolote. "Mfupa haukuwa tayari," akasema mwishowe, na sijui mpaka leo alimaanisha wa nani. Kisha akaniambia kwamba yeye alimngoja Mama miaka, na kwamba hajui kwa nini kungoja huku kunamwivisha mtu na kule kunamwozesha. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Baba akisema hajui bila kumtaja Mungu baadaye.

Sikulala vizuri. Alfajiri nilisikia kigoda kikiburutwa nje, na mtu akikaa, na kimya kile. Nilivumilia kwa kadiri nilivyoweza. Halafu nikatoka kwa mlango wa nyuma nikiwa na leso na viatu vya mpira, nikaingia shambani kwenye umande. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini mwanamke asipande mbaine, na asubuhi ile sikuuliza. Sikupanda juu sana. Nilichuma machipukizi ya matawi ya chini, mekundu na laini, nikayapanga urefu sawa kwenye goti. Nikakata jani la mgomba, nikaingia jikoni nikalipasha juu ya makaa ya jana, na harufu ile ikaniinukia usoni, nikasimama kidogo hadi ipite. Nililikunja. Lilikunjika mara ya kwanza. Nikalikaza kwa kamba yake, nikatoka, nikampa Baba kwa mikono miwili.

Aliitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, magoti yangu yenye utomvu na moshi.

"Nani amekutuma?" akauliza. Ndilo swali ambalo huulizwa wageni.

"Nimejituma."

"Hii si ncoolo, Mama."

"Najua."

"Ncoolo huletwa na watu."

"Najua, Baba."

Aliigeuza geuza. Alikagua fundo, akakagua mkunjo, akaona, nadhani, kwamba ulifungwa na mtu aliyemwona mwingine akijifunza. Nilidhani angeirudisha. Nilikuwa tayari airudishe. Ingekuwa haki yake, na mimi ningeenda kuchemsha chai. Lakini aliifungua kwenye goti, taratibu, bila kulipasua jani. Akachagua kijiti, akakifuta umande kwa shati, akakipeleka mdomoni.

Meno yaliteleza. Alikitoa, akakitazama, akakirudisha. Safari hii aliuma kwa upole, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, akavuta.

Gome lilitoka lote.

Alitafuna. Sikumwangalia moja kwa moja. Kuku walikuwa wametoka, na ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba.

"Ni miraa nzuri," akasema. "Si ncoolo, lakini ni miraa nzuri." Akachukua kijiti kingine. "Na ile yenyewe ikija, yatakuwa yamezoea."

Nilitaka kumwuliza ana ushahidi gani kwamba itakuja. Nilitaka pia kumpigia mtu mmoja aliye kaskazini kumwambia kwamba jani halikupasuka. Badala yake niliingia ndani, nikapita jikoni bila kushika sufuria, nikaenda hadi kwenye kitanda changu cha zamani kilicho upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nikavua viatu. Nikajifunika blanketi hadi puani, mtu mzima mimi, nikangoja Baba asikie hamu ya kijiti kingine.